Kufuli Limekwama na Baiskeli ni Yako: Namna ya Kuifungua Bila Kuiharibu

Ni nadra kufuli la baiskeli kuharibika kwa siku moja. Huwa limekwisha kutoa ishara kwa majuma kadhaa: ufunguo unaingia kwa kusitasita, unahitaji kutikiswa kidogo kabla haujageuka, na unapotoka unakuwa na uchafu wa udongo kwenye meno yake. Mwenye baiskeli huizoea hali hiyo na kuiona kuwa ndiyo tabia ya kufuli lake, mpaka jioni moja, mvua imenyesha na giza linaingia, anajikuta amechutama kando ya jengo fulani katikati ya Nairobi, ufunguo ukiwa umegoma nusu ya mzunguko. Maelezo haya yameandikwa kwa ajili ya jioni hiyo, na yamepangwa kwa kufuata kanuni moja tu: anza na njia nyepesi kabisa, wala usisogee kwenye njia nzito zaidi kabla ya kumaliza ile nyepesi.

Kuna jambo linalotangulia hata njia hiyo nyepesi. Kabla ya kushika kitu chochote zaidi ya ufunguo wako, hakikisha watu walio karibu wanajua kwamba baiskeli ni yako. Mtu aliyeinamia kufuli akiwa na koleo mkononi hana tofauti na mwizi machoni pa mpita njia, na katika jiji hili neno "mwizi" likishatamkwa kwa sauti, umati hukusanyika kabla mtu hajapata nafasi ya kujieleza. Watu wasio na hatia wamewahi kupigwa na hata kuuawa kwa namna hiyo. Kwa hiyo mtafute kwanza mlinzi wa jengo, umsalimie, umweleze shida yako, umwonyeshe kitambulisho na picha ya baiskeli iliyomo kwenye simu yako. Zungumza pia na mama anayeuza matunda hapo, au mpiga viatu rangi, au vijana wa bodaboda ambao huenda walikuona ukiifunga asubuhi. Dakika tano za mazungumzo hayo ni kinga kubwa kuliko chombo chochote nitakachokitaja hapa chini.

Uthibitisho ulio bora ni namba ya fremu. Ipindue baiskeli yako leo, ikiwa bado inafunguka, utazame chini pale ekseli ya pedeli inapopita. Kwenye baiskeli nyingi utakuta herufi na tarakimu zilizogongwa kwenye chuma. Zisugue kwa kitambaa, uzipige picha, na uihifadhi picha hiyo pamoja na ya risiti. Aliyenunua baiskeli ya mtumba bila risiti ana sababu kubwa zaidi ya kufanya hivyo, kwa kuwa picha za zamani akiwa na baiskeli hiyo pamoja na namba ya fremu ndizo zitakazomtetea.

Sasa tulitazame kufuli lenyewe. Liwe la umbo la U, liwe la waya, liwe kufuli la kawaida lililoshika mnyororo, ndani yake mna mambo matatu yanayoweza kukwama. La kwanza ni silinda, yaani sehemu inayopokea ufunguo, ambamo kuna pini ndogo zenye springi au visahani vinavyopaswa kujipanga sawasawa ndipo silinda izunguke. La pili ni ulimi, kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye pengo la upinde, yaani kile chuma kilichopinda cha kufuli, na kuuzuia usitoke. La tatu ni ufunguo. Usidhani upesi kwamba silinda imekufa. Kwa uzoefu wangu ulimi na ufunguo ndivyo vinavyostahili kushukiwa kwanza.

Ulimi hukwama kwa sababu ya uzito. Baiskeli iliyoegemezwa vibaya huteleza kidogo kidogo kutwa nzima, au mtu mwingine huisukuma akifunga yake, na hatimaye mzigo wote unaning'inia kwenye kufuli. Upinde unavutwa upande mmoja, unaubana ulimi, na hapo ufunguo hauwezi kuurudisha ulimi nyuma hata ungekuwa mpya kutoka kiwandani. Nililijua jambo hili kwa njia ngumu. Nilikuwa nimeifunga baiskeli yangu kwenye reli ya ngazi za jengo moja katika Barabara ya Tom Mboya, na nilipotoka jioni ufunguo uligeuka robo ya mzunguko ukasimama. Nilikuwa nimeushika kwa mikono miwili, nikiukaza, wakati mlinzi wa jengo, mzee mwenye koti refu la mvua, aliposogea.

"Kijana, acha huo ufunguo kwanza. Utauvunja."

"Umekataa kabisa, mzee."

"Haujakataa. Tazama baiskeli ilivyolala. Imelilalia kufuli. Wewe inua hapo kwenye tandiko, mimi nausukuma huu upinde ndani. Ukiona umelegea, geuza."

Niliinua kwa mkono wa kushoto, yeye akausukuma upinde kuelekea kwenye mwili wa kufuli kwa kiganja chake, nami nikageuza ufunguo kwa vidole viwili. Kufuli lilifunguka kwa sauti ndogo tu. Nilipoutazama upinde baadaye kwenye mwanga wa duka la jirani, niliona kwenye pengo lake mstari mwembamba uliong'aa, mahali ambapo ulimi ulikuwa ukisuguana na chuma kwa muda mrefu bila mimi kujua.

Kwa hiyo hiyo ndiyo hatua ya kwanza, na haihitaji chombo chochote. Ondoa uzito wa baiskeli kwenye kufuli. Ikiwa uko peke yako, weka jiwe au mkoba chini ya gurudumu. Kisha jaribu kugeuza ufunguo huku ukiusukuma upinde ndani, halafu huku ukiuvuta nje, halafu huku ukiusogeza kushoto na kulia. Kwenye kufuli la waya au la mnyororo fanya vivyo hivyo kwa kuulegeza waya ili kichwa cha kufuli kisivutwe na upande wowote.

Ikiwa hakuna mabadiliko, uchunguze ufunguo. Je, unaingia wote hadi mwisho? Ulinganishe na ule wa akiba kama unao nyumbani. Ufunguo uliotumika kwa miaka huliwa meno, na ule uliochongwa kwa kunakili nakala huwa umepotoka kidogo tangu siku ya kwanza. Unaweza kukubali kwa muda kisha ukakataa silinda inapoanza kuchafuka. Ukiwa umepinda, usiunyooshe ukiwa ndani ya kufuli. Utoe, uulaze juu ya sakafu ya saruji, uugonge taratibu kwa kipande cha mbao.

Ufunguo usioingia hadi mwisho mara nyingi unazuiwa na uchafu uliojikusanya ndani ya tundu. Katika Nairobi uchafu huo una sura mbili. Anayepanda kuelekea Kangemi, Kikuyu au Ngong huokota vumbi la udongo mwekundu, laini kama unga, ambalo hupenya kila mahali. Anayeishi upande wa Embakasi hukutana na udongo mweusi wa mfinyanzi unaonata kama gundi unapolowa na kuwa mgumu kama tofali unapokauka. Mvua za Machi hadi Mei, na zile fupi za Oktoba hadi Desemba, ndizo zinazourusha udongo huo kutoka kwenye tairi hadi kwenye kufuli lililofungwa karibu na gurudumu. Elekeza tundu chini, uligonge kufuli kwa kiganja au kwa mpini wa bisibisi ili chembe zidondoke, kisha pulizia hewa kwa pampu ya baiskeli. Usiingize njiti ya kiberiti wala kijiti cha meno, kwa sababu vitakatikia humo na kukuongezea kazi.

Baada ya hapo ndipo tunapofika kwenye mafuta, na hapa ndipo watu wengi huharibu kufuli ambalo lingepona. Mtu aliye karibu atakuja na mafuta ya kupikia, mwingine na oili ya injini iliyobaki kwenye chupa. Kataa kwa heshima. Mafuta ya kupikia huganda baada ya muda na kuwa utomvu, na oili nzito hukamata vumbi na kulifanya tope ndani ya silinda. Kufuli litafunguka leo, kisha litakwama vibaya zaidi mwezi ujao. Grisi ni mbaya kuliko vyote hivyo, kwa sababu springi za pini ni dhaifu na haziwezi kuzisukuma pini ndani ya kitu kizito kama hicho.

Kinachofaa ni unga mkavu wa grafaiti, na kila mwenye mtoto wa shule anao nyumbani, kwa sababu ndani ya penseli mna grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Penseli laini, yenye alama ya 2B au 4B, ina grafaiti nyingi kuliko ile ya HB, ingawa hata HB itasaidia. Chora kwa nguvu juu ya meno ya ufunguo na kwenye mifereji yake ya pembeni, pande zote mbili, mpaka chuma kigeuke rangi na kung'aa kwa weusi wa kijivu. Uingize ufunguo na kuutoa mara kumi bila kuugeuza. Upake tena, urudie. Safari ya tatu au ya nne utasikia tofauti kwenye vidole: ule mkwaruzo wa mchanga unapungua, na pini zinaanza kupanda na kushuka moja baada ya nyingine.

Ikiwa kutu imeingia, penseli peke yake haitoshi. Hapo tumia mafuta mepesi ya kupulizia kama WD-40, ambayo yalibuniwa Marekani mwaka 1953 kwa kazi ya kuondoa maji na kuzuia kutu, na hupatikana katika maduka mengi ya vifaa vya magari hapa mjini, hasa kando ya Barabara ya Kirinyaga. Ingiza ule mrija mwembamba kwenye tundu, upulize kwa muda mfupi, na upulize pia pale upinde unapoingia kwenye mwili wa kufuli, kwa kuwa ulimi hupata kutu kama silinda. Kisha ngoja. Dakika 15 ni kidogo. Nusu saa ni bora. Katika muda huo ingiza na utoe ufunguo, uufute kila unapotoka na uchafu. Mafuta hayo husafisha vizuri lakini hayakai, kwa hiyo kufuli likishafunguka liache likauke ndipo ulipake grafaiti.

Makufuli mengi ya U yaliyo imara hayatumii pini bali visahani vinavyozunguka, na utayatambua kwa ufunguo wake, ambao hauna meno ya msumeno bali una mikato ya mshazari ubavuni. Katika aina hiyo kila kisahani lazima kirudi mwanzo ndipo ufunguo uingie au utoke. Kama umekwama katikati, usiukaze mbele. Urudishe nyuma taratibu kadiri unavyokubali, kisha uuendeleze tena, mbele na nyuma, ukiongeza kidogo kila mara.

Nguvu inayoruhusiwa katika hatua zote hizi ni ile ya kidole gumba na cha shahada. Vidole vikianza kuuma, umefika mwisho wa nguvu halali. Anayeushika ufunguo kwa koleo huupa nguvu mara nyingi zaidi ya ile uliyoumbiwa, na shaba nyeupe au chuma laini cha ufunguo hukatika pale pale kwenye mdomo wa tundu. Likikutokea, usiingize nusu iliyobaki mkononi ili kuisukuma nyingine, maana utaizamisha. Ikiwa kipande kinachungulia nje, kivute kwa koleo dogo lenye midomo myembamba. Ikiwa kimezama, pulizia mafuta mepesi, uelekeze tundu chini, kisha upitishe ubavuni mwake kipande chembamba cha msumeno wa kuchonga mbao, meno yakitazama nje, uyanase kwenye meno ya ufunguo na kuvuta. Fundi wa funguo wa barabarani huifanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na anaweza kukuchongea ufunguo mpya kwa kuviunganisha vipande viwili, kwa hiyo usivitupe.

Kufuli la namba lina shida zake, ila ni chache. Gurudumu moja linaweza kuwa limeteleza namba moja mbele au nyuma, au likawa halikukaa sawa kwenye mstari. Jaribu namba yako halisi huku ukilisukuma kufuli ndani, kisha badilisha gurudumu moja moja kwa namba moja juu na moja chini. Likiwa na udongo, lioshe kwa mafuta mepesi na uzungushe kila gurudumu mizunguko kadhaa.

Yote yakishindikana, bado hujafika kwenye kukata. Jiulize baiskeli imefungwa na nini. Ikiwa kufuli limepita kwenye gurudumu la mbele na nguzo tu, legeza nati za ekseli kwa spana inayozienea, mara nyingi ya milimita 15, uliache gurudumu na uondoke na fremu, kisha urudi kesho na fundi. Ikiwa kufuli limeshika fremu na gurudumu bila kushika nguzo, baiskeli inaweza kubebwa kama ilivyo kwenye mkokoteni au nyuma ya pikapu mpaka kwa fundi, na hilo ni salama kuliko kukata mbele ya umati. Wakati mwingine kilichofungiwa ndicho chepesi: reli iliyoshikwa kwa bolti mbili inaweza kufunguliwa na kurudishwa, lakini kwa idhini ya msimamizi wa jengo na akiwepo.

Kukata kunapobaki kuwa njia ya pekee, fanya mchana. Ikiwa hakuna anayekufahamu mahali hapo, pita kwanza kituo cha polisi kilicho karibu ukiwa na kitambulisho na uthibitisho wako, ueleze unachokusudia, uombe iandikwe kwenye kitabu cha matukio (Occurrence Book, yaani OB) na upewe namba ya OB. Mlinzi anayeona namba hiyo ana sababu ya kukuruhusu, na fundi ana sababu ya kukubali kazi. Fundi mwema atakuuliza uthibitisho. Usikasirike akikuuliza, kwa kuwa huyo ndiye ambaye kesho atamkatalia aliyeiba baiskeli yako.

Waya mwembamba hukatwa kwa msumeno wa chuma. Ufunge kwanza kwa utepe wa kunata mahali utakapokata, ili nyuzi zisifumuke na kukuchoma vidole, na utumie bapa la meno madogo, yaani 32 kwa inchi. Mkasi mkubwa wa kukatia vyuma huubana waya ukawa bapa bila kuumaliza, ilhali kwenye mnyororo wa kawaida ndio unaofaa. Ili kujua kama mnyororo au upinde umekomazwa kwa moto, upitishie tupa: ikiuma na kuacha alama, msumeno utafanya kazi, ikiteleza kama juu ya kioo, usipoteze bapa zako, hapo inahitajika grinda.

Grinda ni kazi ya fundi aliyeizoea, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji na Gikomba wanaishika kila siku. Patana bei kabla hajatoka kwenye kibanda chake, ukitaja umbali na kama mahali pale pana umeme au atahitaji grinda ya betri. Wajibu wako ni kuilinda baiskeli. Cheche hutoboa tairi, huyeyusha kava za waya za breki na kuacha vidoa vya kudumu kwenye rangi, kwa hiyo funika fremu, tandiko na magurudumu kwa magunia yaliyoloweshwa maji. Hakikisha hakuna pikipiki inayovuja petroli karibu, watu wasimame mbali na upande zinakorukia cheche, na fundi avae miwani. Upinde wa U ulioshikwa na ulimi pande zote mbili unaweza kuhitaji kukatwa mara mbili, kwa sababu baada ya mkato mmoja hauzunguki. Mwombe fundi alitazame hilo kabla ya kuanza. Mwombe pia autegemeze upinde usije ukajifunga na kulibana jiwe la kukatia linapokaribia kumaliza, maana jiwe hilo jembamba likibanwa hupasuka. Usiguse ncha zilizokatwa. Zimwagie maji kwanza.

Baiskeli ikishakuwa huru, izungushe magurudumu yote mawili, ubonyeze breki zote mbili, na upitishe kidole kwenye fremu mahali kufuli lilipokuwa, ukitafuta mkato au mbonyeo, kabla hujaipanda kurudi nyumbani. Kwa kufuli jipya, andika ile namba ya ufunguo iliyogongwa kwenye bamba lake kabla hujalitupa, umwachie jirani unayemwamini ufunguo mmoja, na kila unapolifunga uelekeze tundu chini. Kisha chukua kipande cha tyubu kuukuu, ukate ukanda wa upana wa vidole vitatu, uuvishe kwenye mwili wa kufuli mpaka ulifunike tundu la ufunguo. Ukanda huo unasogezwa kwa kidole gumba unapotaka kufungua, na hurudi wenyewe mahali pake.